Mtambo wa joto umezimika Ijumaa na mwenye nyumba anasema tusubiri hadi Jumatatu: tufanye nini?

MamaBrooklynPark, Ijumaa, saa moja usiku

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote. Ninaandika kutoka Brooklyn Park, Minnesota, ambako tangu jana usiku baridi ya nje imefika nyuzi 11 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti, yaani karibu nyuzi 24 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na mtambo wetu wa joto umekataa kufanya kazi. Tumepanga upande mmoja wa nyumba yenye pande mbili, na mtambo huo, ambao unatumia gesi, uko kwenye besimenti. Themostati inaonyesha kwamba humu ndani ni nyuzi 54, sawa na 12 za Selsiasi, na bado zinashuka. Tuko mimi na mume wangu, mtoto mchanga wa miezi saba, mwanangu mkubwa anayesoma darasa la pili, pamoja na mama mkwe wangu aliyefika kutoka Mbeya mwezi Novemba.

Nitaeleza tabia ya mtambo kadiri nilivyoiona. Themostati ikiitisha joto, kwanza husikika feni ndogo ikivuma. Baada ya muda kitu fulani ndani huanza kung'aa kwa rangi ya chungwa, kisha moto wa buluu huwaka vizuri kabisa, lakini baada ya sekunde chache tu huzimika ghafla. Hurudia hivyo mara kadhaa, halafu hunyamaza, na taa ndogo nyekundu inayoonekana kwenye kidirisha cha mlango wake hubaki ikipepesa.

Mwenye nyumba nilimpigia simu asubuhi. Alijibu kwamba mafundi wake hawafanyi kazi mwisho wa juma, na kwamba kwa kuwa bili ya gesi tunalipa sisi, mtambo nao ni jukumu letu, hivyo tusipoweza kusubiri hadi Jumatatu tumwite fundi kwa gharama zetu.

Kwa sasa tumewasha oveni ya gesi na kuuacha mlango wake wazi, na wote tumehamia jikoni. Mama mkwe anashauri tuchukue jiko la mkaa la kuchomea nyama lililoko gereji, tuliwashe nje, na mkaa ukishakolea na moshi kwisha tuliingize sebuleni, kama wafanyavyo kwao msimu wa baridi. Mwenyewe analalamika kwamba kichwa kinamuuma tangu alasiri, nadhani ni kwa sababu ya baridi ambayo hajaizoea. Naomba mnisaidie mambo matatu: je, jiko hilo ni salama, je, kuna kitu ninachoweza kukikagua mwenyewe kwenye mtambo, na je, nikimwita fundi ninaweza kukata gharama yake kwenye kodi ya mwezi ujao?

MuuguziSaintPaul, Ijumaa, saa moja na dakika kumi usiku

Dada, kabla hujasoma jibu jingine lolote, zima oveni hiyo, mtoe mama pamoja na watoto nje ya nyumba sasa hivi, na mkiwa nje pigeni 911, mwaeleze kwamba mlikuwa mkitumia oveni ya gesi kujipasha joto na kwamba mtu mzima mmoja anaumwa kichwa. Msikae ndani kusubiri. Ingieni kwa jirani, au kaeni kwenye gari lililoegeshwa mahali pa wazi, si ndani ya gereji, na mhakikishe theluji haijaziba bomba lake la moshi kabla ya kuwasha injini.

Nitaendelea kueleza kwa faida ya wengine wanaosoma, lakini wewe toka kwanza.

Kichwa kinachomuuma mtu ndani ya nyumba iliyofungwa, huku gesi ikiungua kwa saa kadhaa bila njia ya kutoa moshi, hakiwezi kusingiziwa baridi mpaka hewa ya nyumba ipimwe. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mwili unanyimwa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Dalili zake hufanana na mafua yasiyo na homa: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, kisha usingizi mzito. Wazee, wajawazito na watoto wachanga huathirika upesi zaidi, na mtoto wa miezi saba hana namna ya kusema kwamba kichwa kinamuuma.

Kuhusu mkaa, naomba niseme kwa heshima zote kwa mama. Moshi ukiisha, watu hudhani hatari imekwisha, na hapo ndipo wengi walipopotelea. Mkaa uliokolea na kuwa mwekundu bila moshi ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Sisi tuliokulia nyanda za juu tumezisikia habari hizi kila msimu wa baridi, za familia zilizolala na jiko chumbani zisiamke, na huku ughaibuni nyumba ni hatari zaidi kwa sababu zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoroke. Mwezi Februari 2021, Texas ilipokumbwa na baridi kali na umeme ukakatika, hospitali za Houston zilipokea watu wengi, watoto wakiwemo, waliovuta gesi hii kutoka kwenye majiko ya mkaa, jenereta na magari yaliyowashwa gerejini. Baadhi yao walikuwa wahamiaji kama sisi.

Oveni ya gesi, jiko la mkaa, jiko la kambini na jenereta visitumike kamwe kupashia nyumba joto, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo.

MamaBrooklynPark, Ijumaa, saa tatu na nusu usiku

Mungu akubariki sana, dada muuguzi. Tulitoka tukaingia kwa jirani wa upande wa pili wa nyumba, na wazimamoto walifika haraka. Kipimo chao kilionyesha kwamba gesi ilikuwepo jikoni, ingawa haikuwa imefika kiwango kikubwa. Walifungua milango na madirisha yote, wakampima mama na watoto, wakasema hakuna anayehitaji kupelekwa hospitali, na kweli mama anasema kichwa kimepoa baada ya kukaa kwenye hewa safi. Kifaa chetu cha kutoa tahadhari, kilichoko ukumbini, kilikuwa kikilia mlio mmoja mfupi kila baada ya muda na sisi tulidhani ndivyo kilivyo. Wazimamoto wamesema kimekwisha muda wake na hakikuwa kikipima chochote.

Mama na watoto watalala kwa jirani. Mimi na mume wangu tumerudi ndani, na themostati sasa inasoma 49. Tunaogopa mabomba ya maji yasije yakapasuka.

FundiMitambo, Ijumaa, saa nne usiku

Pole sana dada, na mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ni fundi wa mitambo ya joto na viyoyozi hapa hapa Minnesota, na umetusaidia sana kwa kueleza hatua moja baada ya nyingine, kwa sababu mtambo wa gesi wa siku hizi hufuata utaratibu usiobadilika, na mahali unapokwama ndipo penye ugonjwa.

Themostati hutuma ishara ya volti 24 kwenye bodi ya umeme ya mtambo. Feni ndogo uliyoisikia huanza kuvuta hewa kupitia njia ya moshi, na swichi ya mgandamizo huhakikisha kwamba njia hiyo haijaziba. Kiwashio hung'aa, hiyo ndiyo rangi ya chungwa uliyoiona, valvu ya gesi hufunguka na moto huwaka. Hapo kuna kijiti chembamba cha chuma kilichosimama ndani ya moto, kinachoitwa kihisi cha mwali, ambacho hupitisha mkondo mdogo sana wa umeme, wa mikroampea chache, kupitia moto wenyewe. Mkondo huo ndio unaoijulisha bodi kwamba gesi inayotoka inaungua kweli. Bodi isipoupata ndani ya sekunde chache hufunga gesi, na inafanya vyema, kwa kuwa gesi isiyoungua ikijaa nyumbani ni balaa kubwa kuliko baridi. Baada ya majaribio kadhaa mtambo hujifunga wenyewe, mara nyingi kwa saa moja au zaidi, kisha hujaribu tena.

Kwa hiyo betri za themostati, breka ya umeme, kiwashio na valvu ya gesi vyote ni vizima, maana bila hivyo moto usingewaka. Ninawashuku wawili. Wa kwanza, na ninayemshuku zaidi, ni kihisi cha mwali kilichofunikwa na utando kiasi kwamba mkondo haupiti vizuri. Wa pili ni mabomba ya nje yaliyozibwa na theluji au barafu.

Anza na hayo mabomba kwa sababu hayahitaji kifaa chochote. Zunguka nje ya nyumba, utafute mahali ambapo mabomba mawili ya plastiki, kwa kawaida meupe, yanatokeza ukutani karibu na usawa wa ardhi. Moja huvuta hewa na jingine hutoa moshi. Upepo ukirundika theluji hapo, au mvuke wa moshi ukiganda mdomoni mwa bomba, moto unaweza kuwaka kisha ukazimika kama ulivyoeleza. Ondoa theluji kwa mikono, usiigonge barafu kwa koleo, kwa kuwa plastiki kwenye baridi hii hupasuka kwa urahisi. Kama mtambo wenu ni wa zamani na bomba lake ni la chuma linalopanda kwenye dohani, hatua hii haiwahusu.

Kisha rudi besimenti uihesabu ile taa nyekundu kupitia kidirisha, kabla hujagusa mlango. Mlango wa mtambo una swichi ya usalama inayokata umeme mara tu unapofunguliwa, na kwenye mitambo mingine kufanya hivyo hufuta kumbukumbu ya hitilafu. Hesabu inapepesa mara ngapi kabla ya kupumzika, andika, ndipo ufungue mlango. Upande wake wa ndani kuna karatasi iliyobandikwa yenye jedwali la maana ya kila hesabu. Ipige picha. Ukiwa hapo, vuta filta ya hewa uitazame dhidi ya taa. Filta iliyoziba kwa kawaida huleta ugonjwa tofauti, mtambo huwaka kwa dakika kadhaa ndipo ukazimika kwa kuzidiwa na joto, lakini kama mwanga haupenyi, ibadilishe.

Usiibandike swichi ya mlango kwa gundi ili mtambo uwake ukiwa wazi, na usizime na kuwasha umeme mara kwa mara kuulazimisha ujaribu. Kukisafisha kihisi ni kazi ya skrubu moja na kipande cha sufi laini ya chuma, na fundi huimaliza kwa muda mfupi sana, lakini sitakuelekeza uifanye mwenyewe. Ni chombo cha gesi, ni mali ya mtu mwingine, na likitokea lolote bima itauliza ni nani aliyekigusa. Ila ni vizuri mwenye nyumba ajue kwamba tatizo hili huenda ni dogo kiasi hicho, kwa sababu linaondoa kisingizio cha kusubiri Jumatatu. Mkisikia harufu ya gesi wakati wowote, tokeni, msiguse swichi yoyote, na pigeni simu mkiwa nje.

Usiku wa leo, chagueni chumba kimoja kidogo mkipashe hicho tu. Hita ya umeme ya kawaida ya wati 1,500 hutoa joto la takriban BTU 5,100 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), wakati mtambo wa nyumba za huku hutoa 60,000 au zaidi, kwa hiyo msitarajie hita ihudumie nyumba nzima. Kwenye umeme wa volti 120 hita hiyo hula ampea 12.5, na saketi nyingi za vyumbani ni za ampea 15, ndiyo maana kila hita lazima ipate saketi yake. Ichomekeni moja kwa moja ukutani, kamwe msitumie ekstensheni, na muiweke umbali wa futi tatu kutoka kwa kitanda, pazia na nguo. Gusa plagi baada ya muda. Ikiwa ya moto, izime. Tarehe 9 Januari 2022, hita ya umeme ilisababisha moto katika jengo moja la ghorofa huko Bronx, New York, wakafa watu 17, wengi wao wakiwa wa familia zilizotoka Gambia. Siandiki haya kuwatisha, ninaandika kwa sababu jengo hilo lilikuwa limejaa watu kama sisi.

Kuhusu maji, fungueni milango ya kabati zilizo chini ya sinki za jikoni na bafuni ili hewa ya chumba iyafikie mabomba, na muache bomba la maji ya moto na la maji ya baridi yachuruzike kidogo kidogo, hasa yale yaliyo kwenye kuta za nje. Usiku huu huu tafuteni valvu kuu ya maji, mara nyingi iko besimenti kando ya mita, na mhakikishe kila mtu mzima anajua kuifunga. Nyuzi zikikaribia 40 na hakuna fundi aliyepatikana, mwombeni mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi mfunge valvu hiyo na kufungua mabomba yote yatoe maji yaliyobaki.

MamaBrooklynPark, Ijumaa, saa tano na robo usiku

Ahsante sana kaka. Mume wangu amezunguka nje, mabomba mawili meupe yapo na hayana theluji wala barafu. Filta ina vumbi la kijivu ila mwanga unapenya. Taa inapepesa mara sita, inapumzika, kisha inarudia, na jedwali lililoko nyuma ya mlango linasema kwamba mara sita maana yake ni moto kupotea na mtambo kujifunga baada ya majaribio kuzidi. Nimepiga picha ya jedwali, ya taa kwa video, na ya themostati ambayo sasa inasoma 47.

Bado swali la kodi. Mume wangu anataka kumwita fundi wa dharura usiku huu na kukata gharama.

MpangajiMwenzenu, Ijumaa, saa sita kasoro robo usiku

Dada, mimi ninasaidia wapangaji wanaozungumza Kiswahili kujaza fomu za mahakama katika Kaunti ya Hennepin, ndimo ilimo Brooklyn Park. Mimi si wakili, na kwa ushauri wa kisheria kuna mashirika hapa Minnesota yanayowahudumia wapangaji kwa simu bila malipo, lakini haya nitakayosema yameandikwa wazi kwenye sheria.

Kwanza, si kweli kwamba anayelipa bili ya gesi ndiye mwenye jukumu la mtambo. Sheria ya Minnesota, kifungu 504B.161, inamtaka mwenye nyumba aitunze nyumba katika hali nzuri ya ukarabati na kuifanya ifae kukaliwa, na tangu mwaka 2024 kifungu hicho kinataja kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili joto lisiwe chini ya nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi. Mkataba hauwezi kuyafuta masharti haya hata kama nyote wawili mlitia saini. Mpangaji anaweza kukubali kufanya matengenezo fulani, ila lazima makubaliano hayo yaandikwe mahali panapoonekana wazi na apewe fidia ya kutosha kwa kazi hiyo. Sidhani kama mkataba wenu una kitu cha namna hiyo.

Pili, na hapa mumeo anisikilize kwa makini, msikate kodi kwa uamuzi wenu wenyewe. Hapa Minnesota mpangaji anayekata gharama ya ukarabati bila ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba au amri ya mahakama anajiweka kwenye hatari ya kushtakiwa kwa kutolipa kodi, na kesi ya kufukuzwa kwenye nyumba, hata ukiishinda, inaweza kukufuata unapotafuta nyumba nyingine. Nimeona familia zenye haki kabisa zikiumia kwa sababu hiyo, na inaniuma kila mara.

Njia iliyopo ni kifungu 504B.381, kinachomruhusu mpangaji aliyekosa joto, maji au umeme kwenda mahakamani kwa dharura. Sharti lake ni kwamba ujaribu kumjulisha mwenye nyumba angalau saa 24 kabla ya kufungua maombi, ukimwambia kwamba utakwenda mahakamani asipotengeneza. Leo ni Ijumaa usiku na mahakama itafunguliwa Jumatatu asubuhi, kwa hiyo ukiandika sasa, muda huo utakuwa umepita kabla mlango haujafunguliwa. Ukisubiri Jumatatu ndipo uandike, umejiongezea siku nyingine ya baridi. Jaji anaweza kuamuru matengenezo yafanyike mara moja, au kukuruhusu uyafanye wewe na kuyakata kwenye kodi, na hapo kukata kwako kunakuwa halali. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe ada ya mahakama.

Simu uliyompigia mwenye nyumba asubuhi haina ushahidi wowote, kwa hiyo tuma ujumbe wa simu na barua pepe, vyote viwili, kwa Kiingereza, ukisema hivi: tarehe na saa mtambo ulipozimika, joto la ndani kwa sasa, kwamba kuna mtoto mchanga na mzee, kwamba wazimamoto walifika, kwamba taa ya mtambo inaonyesha moto kupotea na picha zimeambatishwa, na kwamba joto lisiporejeshwa ndani ya saa 24 utafungua maombi ya dharura chini ya kifungu nilichokitaja. Malizia kwa kumpa nafasi: mwombe aidha alete fundi kesho, au akuandikie kwamba anakubali uite fundi na ukate gharama hiyo kwenye kodi. Andika kwa adabu bila kumtukana wala kumtishia, maana ujumbe huo huenda ukasomwa na jaji. Pigia pia ofisi ya ukaguzi wa nyumba ya jiji na uache ujumbe. Mwenye nyumba asithubutu kukuadhibu kwa kulalamika: akikuletea notisi ya kuhama ndani ya siku 90, yeye ndiye atakayelazimika kuthibitisha kwamba halipizi kisasi.

Kwa wenye nyumba zao wanaotusoma, haya ya mahakama hayawahusu, ila mpango wa serikali wa kusaidia gharama za nishati, unaoombwa kupitia wakala wa kaunti unakoishi, huweza pia kulipia ukarabati au mtambo mpya kwa mwenye nyumba mwenye kipato kidogo ambaye mtambo wake umekufa. Watu wetu wengi wanaujua kwa bili pekee na hawaulizi kuhusu mtambo.

MamaBrooklynPark, Jumamosi, saa nane mchana

Nilituma ujumbe usiku ule ule kama ulivyonielekeza, pamoja na picha. Saa moja asubuhi mwenye nyumba alijibu kwamba fundi anakuja, na saa nne fundi alikuwa besimenti. Alichomoa kihisi, kilikuwa na utando mweupe, na kauri inayokishikilia ilikuwa na ufa, kwa hiyo hakukisafisha bali alikibadilisha. Mtambo umewaka, moto haukuzimika, na themostati imepanda hadi 58. Mume wangu ameipandisha hadi 80 ili nyumba ipate joto haraka. Mwenye nyumba ameahidi kuleta kifaa kipya cha tahadhari ya gesi leo jioni, na jirani ametuazima chake hadi hapo.

Limebaki jambo moja: bomba la maji ya moto la bafuni juu halitoi hata tone, ingawa la baridi linatoka.

FundiMitambo, Jumamosi, saa tisa kasoro robo mchana

Nimefurahi sana kusikia hivyo. Rudisheni themostati kwenye 70, kwa sababu mtambo wa kawaida hutoa joto kwa kasi ile ile hata ukiuambia 80, na tofauti pekee ni kwamba utaendelea kuunguza gesi mkiwa mmeshapitiliza mnapotaka. Mama na mtoto wabaki kwa jirani mpaka ndani kufike angalau 68, kwani mwili wa mzee unaweza kupoteza joto kwa kiwango cha hatari hata kwenye nyumba ya nyuzi 60 hadi 65.

Bomba hilo limeganda, na kwa kuwa la baridi linatoka, barafu iko kwenye kipande kifupi tu, pengine pale linapopita kwenye ukuta wa nje. Mtu mmoja akae besimenti kando ya valvu kuu akiwa na simu. Mwingine afungue bomba la moto la bafuni aliache wazi, ili maji yanayoyeyuka na mvuke vipate pa kutokea, kisha apashe bomba kwa mashine ya kukaushia nywele, akianzia karibu na mdomo wa bomba na kurudi nyuma taratibu kuelekea ukutani. Asitumie mshumaa, kiberiti cha gesi wala kifaa chochote chenye moto, na asishike mashine ya umeme akiwa amesimama kwenye maji. Maji yatarudi kwa kuchuruzika kwanza. Endeleeni kupasha mpaka yatoke kwa nguvu yake ya kawaida.

Likishafunguka, kagueni ukuta huo na dari ya chini yake, kwa sababu bomba lililopasuka halionyeshi uvujaji likiwa bado limeganda. Mkiona unyevu au rangi ikivimba, fungeni valvu kuu kwanza, ndipo mmpigie mwenye nyumba. Hata msipoona kitu, mwandikieni leo kwamba bomba la bafuni juu liliganda, mtaje saa na muambatishe picha, ili ukuta ukilowa wiki ijayo isisemwe kwamba mliuharibu ninyi.